Shamba hupumzika, mama je?

Hebu nianze kwa kukuuliza swali ambalo mimi mwenyewe niliulizwa nikakosa jibu. Mara ya mwisho mama yako kupumzika ilikuwa lini? Sisemi kulala usiku, kwani hata punda hulala. Nasema kupumzika: kuketi kivulini mchana, mikono mitupu, bila maharagwe ya kuchambua wala mjukuu wa kubeba, na bila mtu kuja kumuuliza anaumwa na nini.

Swali hilo niliulizwa katika zahanati moja karibu na mji wa Matuu, mwezi wa Oktoba mwaka wa 2022. Mama yangu alikuwa amelazwa mbele yetu, chupa ya maji ikining'inia juu ya kichwa chake, na vumbi la shamba lingali katika kucha zake. Nilifungua kinywa nijibu, nikakifunga. Mimi ambaye mkate wangu ni kuwauliza watu maswali, siku hiyo nilishindwa na swali moja tu kuhusu mama yangu mzazi.

Kwa wale wasioijua Matuu, ni mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Mwingi hadi Garissa, katika eneo la Yatta, Kaunti ya Machakos. Abiria wengi huijua kwa maembe na mapapai yanayopitishiwa madirishani mwa magari. Lakini ukiiacha lami ukatembea kama nusu saa hivi, utaikuta Matuu nyingine: matuta ya fanya juu yaliyochimbwa kwa jasho, mibaazi iliyosimama kidete baada ya kila kitu kunyauka, mbuzi wanaotafuta majani kwenye miiba, na watu wanaoitazama mbingu jinsi mfanyabiashara anavyotazama bei.

Huko ndiko nilikozaliwa. Mimi ni mtoto wa pili wa kike, na kwa desturi yetu Wakamba, mtoto huyo hupewa jina la nyanya mzaa mama. Ndiyo sababu mama huniita "Mwaitu", yaani mama yangu, nami pia humwita "Mwaitu". Nyumbani kwetu jina hilo likitajwa huitika watu wawili. Nilipokuwa mdogo jambo hilo lilinichekesha. Siku ile kwenye zahanati halikunichekesha hata kidogo, kwa maana sikujua ni yupi kati yetu aliyekuwa akimlea mwenziwe.

MASWALI MATATU

Mvua zilikuwa zimekosa kwa misimu minne mfululizo, tangu mwisho wa mwaka wa 2020. Kama ilivyo kawaida ya wakulima wengi wa Ukambani, mama aliamua kupanda kwenye vumbi kabla ya mvua kunyesha, ili tone la kwanza liikute mbegu ardhini. Alitoka nyumbani alfajiri, saa kumi na mbili, akiwa amekunywa kikombe kimoja cha strungi. Saa nane mchana jirani aliyekuwa akipita na mbuzi wake alimkuta ameanguka ndani ya mtaro wa tuta, jembe limemlalia miguuni.

Yule tuliyemwita daktari, kijana mpole ambaye umri wake pengine ulikuwa sawa na wa kitinda mimba wetu, hakuanza kwa vipimo vya ajabu. Aliuliza maswali matatu: Amekula nini? Amekunywa maji kiasi gani? Anameza dawa gani?

Amekula nini? Tangu jana yake jioni, hakuna. Ilibainika kwamba kwa wiki kadhaa mama alikuwa akila mara moja tu kwa siku, ugali kidogo na sukuma wiki, ilhali chini ya kitanda chake mlikuwa na maharagwe na ndengu alizozificha kwa ajili ya mbegu.

Amekunywa maji kiasi gani? Kikombe kile cha strungi.

Anameza dawa gani? Tembe za presha. Nazo, daktari alitueleza, zilikuwa za aina ile inayoyatoa maji mwilini kwa kumfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Ni dawa nzuri, nayo imewasaidia wengi. Lakini ilipokutana na jua la Oktoba, tumbo tupu na kazi ya saa nane bila maji, mwili ulikaukiwa, presha ikashuka ghafla na kichwa kikazunguka. Nawe msomaji, kama wewe au mzazi wako anatumia dawa za namna hiyo, usije ukaziacha kwa sababu ya haya uliyoyasoma. Nenda ukamuulize aliyekuandikia: wakati wa joto kali nifanyeje, na maji ninywe kiasi gani? Swali hilo halina gharama.

Nilimgeukia mama kwa hasira ya mtu aliyeogopa. "Mwaitu, mbona hukuniambia chakula kimeisha? Ningekutumia pesa."

Akanijibu kwa sauti ndogo, macho yakiwa ukutani, "Ungenituma pesa ya chakula, Mwaitu, ningenunulia mbegu."

Usimcheke. Mwaka wa 1984 mama alikuwa mke mchanga mwenye umri wa miaka 25 wakati Ukambani ilipopigwa na ile njaa iliyopewa jina la Nikwa Ngwete, yaani, ninakufa huku nimeshika. Maana yake ni kwamba watu walikuwa na pesa mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Mtu aliyeiona njaa ya namna hiyo huamini mbegu kuliko noti. Angekufa, lakini angekufa amepanda.

MAJIRA YETU SI MANNE

Nilikaa nyumbani majuma mawili kumwuguza. Jioni nilikuwa nikisoma magazeti na vijitabu vya afya, na nyingi ya nasaha zake zilinifanya nitabasamu. Wakati wa theluji ule hiki, majani yanapopukutika ufanye kile, jua la kiangazi likirefusha siku ulale hivi. Ni mashauri mema kwa wenye majira manne. Sisi tulio karibu na Ikweta jua letu huchomoza na kutua karibu saa ile ile mwaka mzima. Mwili wa mtu wa Matuu haupati habari za majira kutoka kwa mwanga.

Je, huzipata wapi? Nilipofikiri sana niliona ni katika mambo matatu: maji, kazi na ghala. Sisi tuna mvua ya nthwa, ambayo huanza Oktoba ikaishia Desemba, na ndiyo tegemeo letu kubwa. Tuna mvua ya uua, ya Machi hadi Mei, ambayo mara nyingi huja kwa kusitasita. Baada yake huja baridi ya Juni na Julai, kisha thano, ukame unaotupeleka mpaka Oktoba. Kila mojawapo huleta kiasi chake cha maji, kiasi chake cha kazi na kiasi chake cha chakula.

Na hapa, msomaji, ndipo penye fumbo lililomwangusha mama yangu. Kazi iliyo nzito kuliko zote, ile ya kuliandaa shamba na kupanda, huangukia wakati ule ule ghala limekaribia kuwa tupu na jua limewaka kuliko kawaida. Mwili hudaiwa zaidi wakati unapopewa kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka wa kwanza mtu hukonda, mwaka wa pili huumwa mgongo, mwaka wa tatu huokotwa mtaroni.

Je, wazee wa kale hawakulijua hili? Walilijua. Nilimuuliza mama jinsi nyanya yangu alivyokuwa akiupitisha mwezi wa Oktoba, akanieleza akiwa amejiegemeza kwenye mto. Walilima kwa mwethya, kikundi cha kina mama kikiingia leo shamba hili na kesho shamba lile. Waliingia gizagiza na kutoka jua lilipoanza kuuma, yapata saa nne. Mwenye shamba alipaswa kuwa na uji, wa mtama au wa mawele, kwenye kibuyu chini ya mti. Mchana waliketi kivulini wakisuka vyondo. Jioni, jua lilipolegea, waliokuwa na nguvu walirudi kidogo.

Sikudanganyi kwamba zamani ilikuwa pepo. Zamani watu walikufa kwa njaa na kina mama walibeba maji kwa migongo kutoka mbali. Hata kule kivulini mikono yao haikuwa mitupu. Lakini katika mpango ule kulikuwa na jambo moja ambalo sisi tumelipoteza: hakuna mtu aliyeanguka peke yake. Mwethya ulikuwa ukisukuma kazi, na papo hapo ulikuwa ukilazimisha mapumziko, kwa kuwa mmoja akichoka wote walimwona. Mama yangu aliokotwa na mpita njia kwa sababu alikuwa akilima pekee. Watoto tuko Nairobi, jirani naye yuko kwenye shamba lake pekee, naye anaharakisha.

MFEREJI ULIOFUTA KIANGAZI

Ukishuka kutoka kwetu utaufikia mfereji wa Yatta. Ulichimbwa miaka ya 1950, katika zama za hali ya hatari, kwa nguvu za wafungwa wa Mau Mau, na huyaleta maji ya Mto Thika umbali wa kilomita zipatazo 60. Mimi sitaunenea mabaya mfereji huo. Umesomesha watoto wengi, nikiwamo mimi, kwani baba alikodi kipande kando yake akalima mboga. Palipokuwa na miiba leo pana mishiri, bamia, karela, nyanya na miembe. Baadhi ya mazao hayo husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya.

Lakini nenda pale mwezi wa Septemba uone. Pale mfereji unapopita, thano haipo. Mchirizi wa maji umeifuta kalenda. Mishiri ikikomaa haingoji, sharti ichumwe na mikono mingi, karibu kila siku, jua liwake lisiwake. Zamu ya maji ikiangukia usiku, watu hukesha wakielekeza mitaro kwa tochi. Msimu mmoja ukiisha mwingine umekwishaanza. Mkulima wa nyanda kavu hukosa chakula lakini angalau ukame humlazimisha kuketi. Mkulima wa mfereji ana pesa kidogo, ila hana mwezi hata mmoja wa kuuita wake.

Nilipomtajia mama jambo hilo alisema, "Hata ardhi ya pale imechoka. Inadai mbolea kila mara." Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza. Nadhani sote tulikuwa tumesikia alichokisema.

Nami msomaji ni nani wa kumcheka mtu wa mfereji? Nairobi ninaishi bila majira kabisa. Julai ni chipsi na soda, Oktoba ni chipsi na soda. Taa ya ofisini haijui masika wala kiangazi. Nikichoka nakunywa kahawa, nikikosa usingizi natazama simu. Tofauti yangu na mama ni kwamba mimi naanguka polepole, juu ya kiti.

KALENDA YA MWAITU

Kabla sijarudi Nairobi tulikaa na mama, tukachukua kalenda ya mwaka iliyokuwa ukutani, ile yenye picha ya ng'ombe wa maziwa, tukaandika kwa kalamu nyekundu mambo ya mwili kando ya mambo ya shamba. Nakupa baadhi yake. Huenda mvua zako si zetu, lakini utajua pa kukata na pa kushonea.

Agosti hadi Oktoba, wakati wa thano. Jambo la kwanza ni maji. Chupa huning'inizwa kwenye mti shambani kabla jembe halijashikwa, na mtu hanywi kwa kungoja kiu, maana kiu ya mzee huchelewa kubisha hodi. Mkojo ukiwa wa rangi ya strungi, mwili umekauka. Kazi ni alfajiri hadi saa nne, kisha kivulini hadi jua lipungue. Asubuhi ni uji mzito kabla ya chai. Chai nayo isifuatane na chakula moja kwa moja, hasa kwa kina mama wenye upungufu wa damu, kwa kuwa chai kali huzuia mwili kufaidi madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka. Mtu akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, ndiyo huduma ya kwanza anapongojea kufikishwa kwa daktari.

Tuliandika jambo lingine hapo, nalo tulibishana. Niliandika: chakula cha Oktoba hutengwa mwezi wa Februari. Yaani baada ya mavuno, gunia moja la mahindi na debe moja la mbaazi hutiwa alama, na haliuzwi, halipewi mgeni wala haligeuzwi kuwa mbegu. Ni chakula cha mpandaji. Mama alisema ni ubinafsi. Nikamwambia hata ng'ombe wa kukokota plau hulishwa kabla ya kulima. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Andika."

Novemba na Desemba, mvua ikishika. Ni wakati wa majani ya kunde na mchicha unaojiotea wenyewe, mboga za bure zenye nguvu kuliko nyingi tunazonunua. Zikizidi, hukaushwa zikawekwa kwa ajili ya siku za ukame. Ni wakati wa kumbikumbi pia, na yeyote aliyelelewa Ukambani anajua kwamba hao ni nyama isiyo na mfupa. Lakini mvua huja na mbu, na maji ya mito huingiwa na uchafu. Chandarua hushonwa matundu yake Oktoba, si siku homa imekwishaingia. Maji ya kunywa huchemshwa, hata yakiwa meupe vipi. Nguo zilizolowa hazikaukii mwilini.

Januari na Februari, mavuno na maembe. Nyanya zetu walituachia mazoea mema: hiki ni kipindi cha kula na kuketi, arusi na kutembeleana. Embe, liwe Ngowe au Apple, huupa mwili vitamini A inayoyalinda macho na ngozi, ingawa mwenye kisukari inambidi ale kwa kiasi. Lakini hapa pana kazi moja isiyotaka uvivu, nayo ni kukausha mahindi. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki, kati ya wagonjwa 317 waliojulikana, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Walikuwa wamekula mahindi yenye sumu ya aflatoksini itokanayo na kuvu. Mahindi yale yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza lakini hakuiondoi yote.

Kwa hivyo mahindi hayaanikwi juu ya udongo mtupu, huanikwa juu ya turubali. Na kabla ya kuyatia guniani, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Mahindi yenye ukungu usimpe mtoto, usimpe kuku, wala usiyapike pombe.

Machi hadi Mei, mvua ya uua. Mama huupanda msimu huu kwa nusu ya shamba tu, hasa ndengu na kunde ambazo hukomaa haraka. Tulikubaliana kwamba nusu nyingine ipumzike, naye apumzike nayo. Ni wakati wa kupimwa presha na macho, kwani barabara inapitika kati ya mvua na mvua, na ghala bado lina kitu.

Juni na Julai, baridi. Mawingu hutanda Matuu siku nzima, na watu wa nyanda kavu tusiozoea baridi hutetemeka kama vifaranga. Lakini huu ndio msimu wa mbaazi mbichi, zile zilizopandwa Oktoba ya mwaka uliotangulia zikavumilia yote. Sufuria ya mbaazi mbichi na muthokoi ni nguo ya ndani ya tumbo. Lala mapema. Wazee wavae soksi na watoto wafunikwe kifua. Na nakuomba kwa jina la chochote unachokiheshimu, usiingize jiko la makaa chumbani ukafunga mlango na dirisha ili upate joto. Hewa yake haina harufu ya kukuonya, na familia nzima hulala zisiamke.

KUPUMZIKA SI NENO LA SIMU

Hayo yote yalikuwa rahisi kuyaandika. Lililokuwa gumu ni hili. Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimwambia mama, kama nilivyokuwa nikimwambia kwenye simu miaka yote, "Mwaitu, sasa pumzika. Haraka haraka haina baraka."

Akanijibu papo hapo, "Na chelewa chelewa utapata mwana si wako. Mvua haimngoji mtu. Nikipumzika, ni nani atakayepanda?"

Nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani, nikagundua kwamba kwa miaka kumi nilikuwa nikimwamuru mama apumzike huku nikimwachia kazi yote. Neno "pumzika" lisilofuatwa na mkono wa kumpokea jembe ni lawama tu iliyovishwa nguo ya mapenzi. Anayemwambia mama yake pumzika, sharti aseme pia ni nani atakayeteka maji, ni nani atakayepalilia na ni nani atakayelipia.

Kwa hiyo tuliketi tena, na safari hii tukawapigia simu ndugu zangu. Tulizozana kidogo, kama kawaida ya ndugu linapotajwa jambo la pesa. Mwishowe tulikubaliana kila mmoja atoe kitu kila Oktoba, si kwa ajili ya mbegu wala mbolea, bali kuwalipa vijana wawili wa kijijini kwa majuma mawili ya kupanda. Mama alipewa kazi ya kusimamia. Alinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hupanda mashimo yasiyonyooka.

Na mbegu zile alizozifia kiasi, je? Mvua ya nthwa ya mwaka huo wa 2022 ilikuja haba. Baadhi zilichipuka zikanyauka kabla ya Krismasi. Huo ukawa msimu wa tano wa kukosa. Nilipompigia simu kumpa pole alicheka kicheko kikavu, akasema, "Laiti ningezila zile ndengu." Sijawahi kumsikia akikiri kosa kwa namna nyingine yoyote, wala sikutaka kusikia zaidi.

Oktoba ya mwaka wa 2023 vijana walikuja wakapanda. Chupa ilining'inia kwenye mti. Mvua ikanyesha, na safari hii ilikuwa ya El Niño, ikazidi hata ikabomoa tuta moja upande wa mtoni. Mama hakushinda saa zote kivulini, nisikudanganye. Jirani ananiambia alimwona mara mbili ameshika jembe saa sita, akamkemea. Huyo jirani ni yule yule aliyemwokota. Sasa wanapanda kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile, na uji uko chini ya mti. Hawakuuita mwethya, lakini ndio wenyewe.

Januari iliyofuata nilifika nyumbani bila kupiga simu. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe mchana, miguu ameinyoosha, mikono mitupu mapajani. Moyo ukanipasuka. Nikakimbia, "Mwaitu, unaumwa na nini?"

Akafungua jicho moja. "Siumwi. Ni Januari. Si wewe uliyeandika?"

Msomaji, umeisoma kalenda yetu. Ya kwenu iandikeni wenyewe, kwa mvua zenu na ghala lenu. Anzeni na swali lile nililoulizwa kwenye zahanati: mara ya mwisho mama yako kupumzika ilikuwa lini? Ukikosa jibu, usimpigie simu kumwambia apumzike. Panda gari uende, umpokee jembe.